Leo Umevaa Rangi Gani

Oktoba 5

Nimefika. Mama yangu haoni, na hakuna mtu aliyeniambia.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha kamba, chumba cha uani, Mgogoni, Pemba. Nina miaka thelathini na moja na leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa chumba kimoja na mama aliyenizaa. Nimelelewa Tanga na mdogo wake, Mama Hija, tangu sijaota jino. Baba alifariki kabla sijazaliwa. Mama huyu wa Pemba nilimjua kwa sauti ya simu tu. Picha yangu hakuitaka hata moja. Simu ya video hataki hata kuisikia. Nilipoletwa Pemba kwenye msiba wa bibi nikiwa bado mtoto alijifungia chumba cha ndani, akanisalimu nyuma ya mlango. Nilipokuja mwenyewe, msichana mkubwa, nikaambiwa ametoka alfajiri kwenda Makangale, na chai yake ilikuwa bado inatoa moshi. Nikaapa sirudi tena.

Halafu mwezi uliopita akapiga: "Mgeni, njoo. Njoo msimu huu wa karafuu."

Nimekuja na hasira zangu zote. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, nitaanza na lipi, nitamaliza na lipi. Nimemkuta barazani anachambua karafuu kwa vidole, uso kauelekeza kwenye mlio wa viatu vyangu, na macho yote mawili yamefunga ukungu. Akanipapasa mashavu, pua, masikio. Alinukia marashi na karafuu. Akauliza, "Umevaa rangi gani?" Nikamwambia buluu. Akashusha pumzi ndefu, akasema alhamdulillahi.

Maneno yangu yakanipotea. Nitamwambia kesho.

Oktoba 6

Sikumwambia.

Oktoba 9

Mvua za vuli zimeanza kwa vishindo. Karafuu zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya kila nyumba, na wingu likikunja uso kidogo tu, Mgogoni nzima inakimbia. Leo tumeanua mara tatu. Mama naye anakimbia! Anaijua nyumba yake kwa miguu, anakunja jamvi upande wake mimi upande wangu, na akinigonga anacheka.

Anayemtunza ni jirani, Bi Duni, bibi mwembamba ambaye haniangalii usoni. Anapika, anafua, anampeleka mama kisimani, na wala si ndugu yake. Nilipomshukuru alibeba ndoo yake akaondoka.

Kila asubuhi, kabla ya salamu kumalizika, mama huniuliza, "Leo umevaa rangi gani?" Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule Tanga, hakuna swali lingenifurahisha zaidi. Nampa na maelezo: zambarau ya biringani, kijani cha majani ya mgomba. Yeye hukaza macho kuelekea kwangu, hungoja, kisha hushusha pumzi. Nafikiri anajaribu kuniona kwa mawazo. Nalia nikiwa peke yangu kwa sababu ya swali hilo, mimi mtu mzima.

Oktoba 14

Mvua. Karafuu zimeingia ukungu. Bi Duni kanuna.

Oktoba 17

Nimempeleka mama kituo cha afya kwa sababu ya kikohozi, nikamwomba daktari amtazame na macho. Ni mtoto wa jicho tu! Mtu anapasuliwa leo, kesho anafunguliwa bandeji. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya Chake Chake mwezi ujao.

Nilimwambia mama njiani, na furaha imenijaa kooni. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu, nikausikia unapoa.

"Sitaki," akasema.

"Mama, hakuna maumivu. Wanakutia ganzi."

"Mgeni, mie nimesema sitaki. Usinitajie tena jambo hili."

Nimewahi kuona watu wanaogopa kisu. Hii si hofu ya kisu. Mama alikuwa ananiogopa mimi.

Oktoba 20

Nimemuuliza Bi Duni. Alikuwa anatenga makonyo, vile vijiti vya karafuu, hakuinua kichwa.

"Mwachie macho yake yalivyo," akasema. "Ndiyo yaliyokuleta hapa."

"Yaliyonileta vipi?"

"Mie sisemi. Si langu kulisema."

Nimekasirika, nikapiga mwimo wa mlango kwa kofi, nikaumia mwenyewe. Nimempigia Mama Hija Tanga. Yule ambaye hunyamaza akilala tu, leo kanyamaza simu ikiwa sikioni. Halafu akasema, "Mwanangu, kaa naye uzuri, karafuu zikiisha urudi." Kuna jambo wanalijua wote isipokuwa mimi, na jambo hilo linanihusu.

Oktoba 26

Nimemwandikisha mama kwa madaktari wa macho. Hajui. Nikimtazama sasa najiona mwizi.

Novemba 2

Mama kasema anataka kunitembeza. "Sikukulea," kasema, "basi angalau nikuoneshe kwenu." Asiyeona anataka kunionesha kisiwa! Nilicheka, naye akacheka. Amemwita Jaribu, mwenye gari ya kukodi wa hapahapa. Nimefurahi mpaka nimeingiwa na wasiwasi.

Novemba 5

Jana ndiyo ilikuwa siku ya matembezi. Nitaandika kwa utaratibu, kwa sababu nikianza na mwisho sitaweza kuendelea.

Tulitoka baada ya chai. Mvua ilikuwa imekatika na jua limekuja kwa kisirani. Nilivaa dera la manjano, manjano hasa, nililolishona kwa ajili ya safari hii. Kwa pirikapirika za kutoka mama hakuniuliza swali lake, wala mimi sikuona kama pamepungua kitu. Alikaa mbele na Jaribu. "Mie ndiye ntembezaji," akasema, "wewe kaa nyuma, mtalii."

Tulianza Kidike kwenye popo. Alisimama njiani, kanga kichwani, akaninyooshea kidole juu ya miti ambayo haioni. "Hapo. Watazame. Wamejifunika mbawa au wamezifungua?" Nikamwambia wengine wanajipepea. "Na rangi ya shingo zao?" Kama kutu, nikamwambia. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba popo wale ni wake na hawakumwangusha. Alikuwa msichana alipofika hapo mara ya mwisho, na babake, na aliikumbuka miti mmojammoja. Mingine haipo tena. Kila alipouliza nilisema ipo.

Chake Chake tulishuka kunywa chai. Kila hatua mtu anamsimamisha. "Bi Mwatima! Wambaje?" "Sijambo, yakhe." "Na huyu?" Na mama, kwa sauti ya kusikika sokoni kote: "Mwanangu. Mgeni. Mwanangu wa kumzaa." Kila mara aliposema nilijiona narefuka. Lakini kulikuwa na bibi mmoja, muuza mikate. Alinitazama mimi, akamtazama mama machoni, akasogea karibu akapunga kiganja mbele ya uso wake taratibu, kuhakikisha. Alipoona hakupepesa, akasema mashaallah, mashaallah, akaondoa mkono. Mama hakujua. Mimi nilisisimka mwili mzima, chai ikanishinda.

Njia ya kaskazini Jaribu aliongea kwa niaba yetu sote. Ni mtu wa makamo, mnene, anaendesha kwa mkono mmoja, wa pili ni wa kuzungumzia. Nikamtania kuhusu jina lake.

"Yakhe, usicheke. Mamangu kazika wanne kabla yangu. Nilipozaliwa mie akasema, haya, tujaribu na huyu. Ndiyo jina. Ntu akifiliwa na watoto humpa anayekuja jina la kumdharau, labda mauti yatampita. Na wewe Mgeni, naona ndo yayo kwa yayo, au sivyo, Bi Mwatima?"

"Endesha gari, Jaribu," mama akasema.

Jaribu akashika usukani kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa sijui kama nina ndugu waliozikwa. Nilikitazama kisogo cha mama mpaka Konde, nikitaka kuuliza, nikiogopa.

Tukaingia msitu wa Ngezi. Ghafla jua likazimwa, miti imefunika barabara, ubaridi ukaingia garini, na mama akavuta hewa akasema, "Tumefika Ngezi, sivyo?" Akawa ananihadithia: alikuja hapa kwenye harusi ya shangazi yake, walitembea kwa miguu, wakaimba njia nzima ili wasiogope. Akaimba kidogo. Ana sauti nzuri, mama yangu. Nilijiambia, leo nitamwambia kuhusu daktari, leo atakubali.

Mnara wa taa wa Ras Kigomasha umeliwa na kutu. Aliniuliza kama bado unang'ara. Unang'ara, nikamwambia.

Mwisho tukateremka Vumawimbi. Pale mchanga ni mweupe mpaka unaumiza, na jua lilikuwa nyuma yetu. Mama akavua viatu, akapandisha kanga, akaingia maji ya magoti, anapiga mawimbi mateke, anacheka. Nikakimbia mbele nimpige picha. Nikageuka, nikainua simu. Jua lilinipiga lote, na dera langu. Kwenye kioo cha simu nikamwona anaacha kucheka.

"Mgeni."

"Labeka, mama."

"Umevaa manjano."

Na mimi, mjinga, nilifurahi! Nikapiga makofi. "Mama, umeona! Umeona!" Nikaanza kumkimbilia.

"Usije! Simama! Simama hapo hapo!"

Sijawahi kusikia sauti ile kwa binadamu. Alivuta kanga akajizonga uso mzima, akageuka, akaanguka magoti majini. Wimbi likampiga kifuani. "Sikumuona," alikuwa anasema, "Mola wangu, sikumuona, ni rangi tu, sikumuona." Watalii wawili waliokuwa wamelala mchangani wakainuka wakatazama. Jaribu akaja mbio akamtoa majini. Nilipomshika mkono akautoa.

Tulirudi na yeye kajifunika hivyohivyo, kanga imelowa, inamgandia puani kila akivuta pumzi. Nyumbani akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango, nikasikia komeo.

Nilisimama mbele ya mlango ule. Nilikuwa tena yule mtoto wa msibani.

Leo nimeamka na homa.

Novemba 6

Homa. Wamenipima malaria, hakuna. "Itapita," wamesema. Mama yuko nyuma ya mlango, anauliza kila saa, "Yu mzima?" Haniulizi mimi. Anamuuliza Bi Duni.

Novemba 8

Sasa najua.

Bi Duni aliniletea uji, akakaa ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni.

"Mamako kazaa watatu kabla yako," akasema. "Wazuri, we! Wote hawakufika kutambaa. Alikuwa akiwatazama, Mgeni. Kutwa. Chungu kinaungua jikoni, yeye kamweka ntoto mapajani, antazama. Alipokufa wa tatu, wanawake waliokwenda kuosha maiti wakasema. Wakasema Mwatima ana jicho. Ati anawala wanawe kwa macho. Na yeye yumo chumba cha pili, anasikia."

"Nani walisema?"

Alikoroga uji wangu muda mrefu.

"Mie ndiye niliyeanza," akasema.

Ningekuwa na nguvu ningemtoa nje. Akaendelea, machozi yanamtoka wala hayafuti. Nilipozaliwa, mama hakuwa amesahau. Nikapata homa siku za mwanzo. Akachukua kitambaa akajifunga macho, akaninyonyesha hivyo kwa kupapasa, na akaweka nadhiri mbele ya Bi Duni: Mola niachie huyu, nami sintii machoni maisha yangu yote. Kulipokucha homa ikashuka. Basi nani angemwambia kuwa si kweli? Mama Hija akaja kunichukua Tanga, na mama alinikabidhi amefungwa kitambaa.

"Macho yalipoanza kuingia ukungu," Bi Duni akasema, "watu walimpa pole. Yeye alifurahi. Alisema Mola kantolea njia. Alingoja mpaka yakafunga sawasawa, akanambia, haya, sasa tumwite. Ile rangi anayokuuliza kila siku, anapima kama kweli haoni. Siku atakayoijua bila kuambiwa, urudi kwenu."

Na mimi nilikuwa nadhani ni mapenzi. Ni mapenzi. Sijui niseme nini.

Novemba 9

Homa haishuki. Nataka kuandika kwamba siamini. Mimi mtu wa mjini, nimesoma, nilikuwa nawacheka wateja wangu wanaofunga hirizi watoto. Lakini aliniona Vumawimbi, na kesho yake nikaamka naungua. Jana nilipoteza fahamu kidogo chooni. Naogopa. Naogopa kufa, na naogopa zaidi kufa hapa, kwa sababu atasema ni yeye, na nani atamtoa imani hiyo akishanizika mimi?

Novemba 11

Homa imeshuka. Nimekula ndizi. Nyuma ya mlango nimesikia mtu anaanguka sijda.

Novemba 13

Nimemwita Shehe Msellem, imamu wa hapa. Amekaa ukumbini, mimi kando yake, Bi Duni mlangoni, na mama chumbani kwake na mlango umefungwa. Shehe ni mtu wa sauti ndogo, ikabidi mama aegemee mlango ili asikie.

"Bi Mwatima," akasema, "nadhiri ya kukata udugu haifungi. Mama kumnyima mwanawe uso wake si ibada. Ungekuja kuniuliza, ningekwambia zamani."

"Na jicho, shehe?" sauti ya mama ikatoka. "Na jicho nalo si kweli?"

Nilimwomba Mungu aseme si kweli. Shehe alishika ndevu zake.

"Jicho ni kweli," akasema. "Siwezi kukuongopea. Lakini haliui kabla ya siku ya mtu kufika, na lina dawa yake. Ukimwona mwanao akakupendeza, sema mashaallah. Ntaje Mola. Basi."

"Wale watatu sikuntaja," mama akasema. "Nilikuwa nimesahau hata kuntaja. Nilikuwa nawatazama tu."

Shehe akasoma dua, akaondoka kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Bi Duni akatoka kuanua karafuu. Nilibaki mimi na mlango.

Nikamwambia kuhusu daktari, na kwamba nimemwandikisha bila ruhusa yake. Akasema haendi. Akasema shehe kasoma lakini hakuzaa. Bi Duni alikuwa amemwambia kuwa yeye mama keshaniona Vumawimbi na bado nimepona; akasema aliona rangi tu, hakuona mtu, na kwa rangi tu nimeumwa siku zote zile, je angeuona uso?

Hapo ndipo maneno yangu yalitoka. Si yale niliyokuja nayo. Nilipiga mlango kwa viganja viwili, nikapayuka mpaka koo likakwaruza. Nikamwambia, nimeolewa hukuja. Nimeachwa hukuja. Nimekuja mwenyewe mpaka mlangoni kwako, nikaikuta chai yako ya moto. Nimekaa maisha yangu yote nikijitazama kwenye kioo kutafuta kilichokukimbiza. Hayo ndiyo maisha uliyoniombea? Basi nife umeniona!

Mvua ikaanza kwenye mabati, kubwa, na sikusikia tena kama yupo au hayupo. Nikajuta. Nikasema kwa sauti ya chini, ambayo hakuweza kuisikia, kwamba mimi pia naogopa.

Komeo likafunguka. Alikuwa amejifunga kitambaa machoni. Alinyoosha mkono mbele, akanitafuta.

Novemba 16

Bado hajasema ndiyo. Amepika supu ya kuku, akamega na mkate, akalisha masikini wa Mgogoni, kafara ya nadhiri yake. Haulizi tena rangi. Kitambaa hakitoi.

Novemba 19

Amesema ndiyo. Alikuwa anachambua karafuu akasema tu, "Hao madaktari wako wanakuja lini?" Mikono yake haikusimama. Yangu ndiyo iliyosimama.

Novemba 22

Tumehamia Tibirinzi, kwa binti wa Bi Duni, ili tuwe karibu na hospitali. Mama hali. Mimi sili. Bi Duni anapika na kula peke yake na kututukana.

Novemba 24

Wamempasua jicho la kulia. Alitoka anatembea, bandeji nyeupe, anatabasamu. Akaniambia nisikae mbali. Kesho wanafungua.

Nina kikohozi kidogo. Ni vumbi la karafuu tu. Sijamwambia mtu.

Novemba 25

Walikaa kwenye benchi, wazee wote wa jana, kila mmoja na bandeji yake, na muuguzi akianzia mwanzo wa benchi. Mama alikuwa karibu na mwisho. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Nilikuwa nimechana nywele, nimejipaka wanja, na nilikuwa nimejiambia maneno ya shehe tangu alfajiri. Muuguzi alimfungua mzee wa kwanza, yule mzee akaanza kucheka. Akamfungua wa pili. Mama alikuwa anasoma kimoyomoyo, midomo inacheza, vidole vimeng'ang'ania ukingo wa benchi.

Muuguzi aliposhika bandeji ya mama, nilijikuta nje.

Sikumbuki miguu yangu ikitembea. Nilikuwa ukumbi wa nje, mgongo ukutani. Niliyempayukia mama "nife umeniona" ndiye mimi, na ndiye mimi niliyekuwa nimejificha. Niliwaza: nirudi Tanga. Boti iko kesho. Nimsalimu kwa simu kama zamani, nipo hai, yupo hai, tumezoea. Niliwaza hivyo kweli, naandika kwa sababu ni kweli. Na kwa mara ya kwanza nikaelewa ile chai iliyoachwa ya moto.

Kutoka ndani nikasikia, "Yuko wapi?"

Bi Duni akasema, "Alikuwa hapa sasa hivi."

Nikasikia benchi linasukumwa. Muuguzi akasema kaa, bibi, usiinuke bado. Kisha viatu vya mama, vinakuja, taratibu, bila mtu wa kumshika. Ningeweza kuondoka. Ukumbi ulikuwa wazi mpaka getini. Niliufunika uso kwa mtandio.

Akasimama mbele yangu. Nilikuwa nanusa dawa ya hospitali na marashi yake. Akaushika mtandio, hakuuvuta, akaushika tu.

"Mgeni," akasema. "Mie naogopa kuliko wewe. Nifungulie."

Nikafungua.

Sijui nilitazamia nini. Jicho lake moja lilikuwa jekundu, linatoa machozi, na limenikazia. Lilishuka kidevuni, likapanda, likaenda sikio la kushoto, likarudi. Alisema mashaallah. Akasema tena. Alisema mfululizo, bila kupumua, mpaka maneno yakawa yanagongana, na hakuacha kutazama hata nilipoanza kulia, hata Bi Duni alipotoka akasimama mlangoni na mkono mdomoni. Kisha akasema, kwa mshangao wa mtu aliyekuta kitu kidogo tu, "Una kovu hapa kwenye nyusi. La nini?"

Nikamwambia nilianguka na baiskeli, darasa la tatu.

"Nani alikuosha damu?"

"Mama Hija."

Akatikisa kichwa. Akalipapasa kovu kwa kidole gumba, akiliangalia.

Novemba 28

Nipo. Kikohozi kimeisha. Mama kila asubuhi hunishika paji la uso.

Desemba 1

Bado nipo. Alinikuta napiga chafya, akapauka, akakaa chini. Tukakaa wote chini, tukangoja. Hakukuwa na kitu. Hofu haijatoka ndani ya nyumba hii, imekaa nasi tunapokula, na sidhani kama itahama upesi. Lakini hakuchukua kitambaa.

Desemba 4

Naandika kwenye boti. Karafuu zimeisha, sare za Januari zinaningoja.

Jaribu alitupeleka bandarini Mkoani. Nilimwambia mama asije, jua kali na jicho bado bichi. Akasema anakuja. Njia nzima nilikuwa namsikilizia pumzi, nikijua anachowaza, kwa sababu nilikuwa nawaza hichohicho: akiniangalia nikiondoka na boti hii, na likitokea lolote baharini, atarudi kwenye lile lile.

Kwenye ngazi za boti watu walikuwa wanasukumana. Nilimbusu mkono. Sikumwambia kwaheri vizuri, nilipanda haraka ili asipate muda wa kuogopa, nikapita kati ya mizigo mpaka nyuma ya boti. Sikutaka kugeuka. Nilikuwa na hakika nikigeuka nitakuta kanga usoni, au mgongo wake, au Bi Duni peke yake. Injini ikaanza. Boti ikaachana na gati.

Niligeuka. Alikuwa amejipenyeza mpaka ukingoni kabisa mwa gati, Bi Duni kamshika kanga kwa nyuma asianguke, na ushungi kausukuma mpaka utosini ili usimzuie. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alinitazama mpaka nikashindwa kumtofautisha na watu wengine.

Yeye, nafikiri, alikuwa bado ananiona.